Mtu Aliyembeba Baba Yake

Juzi, sokoni Kasulu, kijana mmoja muuza vyombo alikunjua turubai kuukuu ili azuie jua, na harufu yake ikanikalisha chini. Ni harufu ya plastiki iliyochomwa na jua tangu asubuhi, iliyochanganyika na vumbi jekundu, moshi wa kuni mbichi na jasho la watu waliolala chini yake. Aliyeishi kambini ataitambua hata akizeeka. Kijana yule alinisogezea kigoda, akaniuliza, "Mama, ni presha?" Nikamwambia ni jua tu. Lakini mimi nilikuwa nimesharudi kambini Nduta, mtoto asiye na meno ya mbele, nimekaa juu ya gogo, namsikiliza Mwalimu Venansi akitusimulia habari za Wagiriki na Warumi.

Nianze na jinsi tulivyofika huko.

Tulitoka kwetu Burundi asubuhi, umande haujakauka. Baba alikuwa amembeba Sogokuru mgongoni. Sogokuru ndivyo tunavyomwita babu. Miguu yake ilikuwa imevimba, na kwa muda mrefu safari yake ndefu zaidi ilikuwa kutoka kitandani hadi mlangoni. Mkono mmoja wa Baba ulishika paja la mzee, mwingine ulinishika mimi. Mama alikuwa nyuma yetu, mdogo wangu Dezire mgongoni na sufuria kichwani. Tulipita katikati ya mtama mrefu. Nyuma kulikuwa na moshi na sauti nisizozielewa, nami nikawa nageuka kila mara. Baba akanivuta hadi bega likauma.

"Usitazame nyuma," alisema. "Ukitazama nyuma utajikwaa."

Basi sikutazama tena. Niliangalia visigino vya Sogokuru, vilivyoning'inia na kupigapiga mapaja ya Baba, vina nyufa kama tope lililokauka. Tulipofika mto Malagarasi, Baba alimshusha mzee kwenye matete, akageuka ampokee Mama sufuria. Mama hakuwepo.

Tulisubiri. Kila alipotokea mwanamke mwenye mtoto mgongoni nilisimama, kisha nikakaa. Baba alipanda tena hadi kwenye mtama, akakutana na watu wanaokimbia ambao walimshika mikono wakamrudisha. Huko hakuendeki tena, walimwambia. Alasiri mwenye mtumbwi akasema anayevuka avuke, yeye harudi tena. Baba akainama, Sogokuru akapanda mgongoni, tukavuka.

Kambini tulipewa turubai, ndoo na blanketi. Tulikuta watu wa kilima chetu, kwani kwetu kilima ndicho kijiji, na wao ndio waliosambaza habari kwamba Baba alikuwa amembeba mzazi wake kutoka nyumbani hadi Tanzania. Wanawake kwenye foleni ya maji walimwonyesha kwa kidevu. "Yule ndiye aliyembeba baba yake." Mimi nilivimba kichwa. Baba alichota maji akaondoka.

Mwalimu Venansi alikuwa amesoma seminari kabla ya kuacha na kuoa. Alikuja na watu wa baadaye kidogo, peke yake, na hatukujua mkewe alikuwa wapi. Alikuwa mrefu, amevaa sweta ya kike ya rangi ya waridi aliyoipata siku ya mgao wa nguo, mikono yake ikiishia karibu na viwiko. Hatukuthubutu kumcheka zaidi ya siku ya kwanza. Hatukuwa na vitabu. Aliandika kwa mkaa kwenye boksi lililokunjuliwa, na hesabu zilipokwisha, huku tukisubiri uji, alitupa kile alichokuwa nacho kichwani. Kichwani mwake walikaa Wagiriki na Warumi.

Alituambia kwamba mtoto wa Kigiriki alijua majina ya mashujaa kabla hajajua kuhesabu mbuzi wa baba yake. Alituambia kwamba shujaa wao hakuwa lazima mtu mwema. Alikuwa mtu aliyepatwa na jambo kubwa kuliko wenzake, na mara nyingi alikufa vibaya. Akishakufa ndipo mji ulipomheshimu. Walimwaga maziwa na asali kwenye kaburi lake, wakamwomba awalinde. Miji mingine iligombania hata mifupa yake, kwa kuamini kwamba mahali ilipozikwa mifupa ya shujaa maadui hawapaingii.

Mimi niliyameza maneno hayo kama yalivyo. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo maana kilima chetu kilichomwa. Hatukuwa na mifupa ya mtu yeyote mkubwa. Jioni nilimuuliza Sogokuru kama ni kweli.

"Sisi tulikuwa na kibanda kidogo cha nyasi nyuma ya nyumba," alisema. "Baba yangu alimwekea babu yake pombe ya ndizi humo. Mapadri walipokuja tukakibomoa."

"Kwa hiyo mlikosea kukibomoa?"

Alicheka bila sauti. Akasema nimuulize Mwalimu, yeye Sogokuru alikuwa mtu wa ng'ombe tu.

Siku moja Mwalimu alitaja Warumi, na mvulana mmoja akasimama kwa hasira. "Warumi ndio waliomuua Yesu!"

"Ndio hao hao," Mwalimu alisema. "Lakini kabla hawajawa watu wa kuua wengine, walikuwa watu wa kukimbia."

Akasogeza boksi lake pembeni, akatusimulia. Palikuwa na mji mkubwa unaoitwa Troya, na maadui waliuingia kwa hila wakauchoma. Mtu mmoja wa mji huo alikuwa na baba mzee asiyeweza kutembea. Mzee akasema niacheni nife hapa, nanyi mwende. Yule mtu akakataa. Akatandika ngozi ya simba mabegani, akampandisha baba yake mgongoni, akamshika mwanawe mdogo mkono, akatoka katikati ya moto. Walitangatanga miaka mingi, wakafukuzwa huku na huku, mpaka wakafika nchi ya watu wengine, na kizazi chake kikaja kujenga Roma. Warumi walipokuwa matajiri, wenye majeshi na mahekalu, bado waliwafundisha watoto wao: baba yetu wa kwanza alikuwa mkimbizi, alimbeba baba yake.

Kabla hajamaliza, darasa zima lilikuwa limegeuka kunitazama. Sikumbuki furaha nyingine ya kambini inayofanana na hiyo. Niliona moto, niliona ngozi ya simba, na chini ya ngozi ya simba niliona uso wa Baba. Jina la yule mtu lilinishinda ulimi, lakini sikulihitaji, nilikuwa na langu.

Kisha nikakumbuka kitu, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mama yake yule mtoto? Alikuwa wapi?"

Mwalimu Venansi alinitazama. Alivuta mikono ya ile sweta, kwanza mmoja, kisha mwingine, kana kwamba ingeweza kurefuka.

"Alikuja baadaye," alisema. "Haya, chukueni vikombe. Uji umefika."

Nilikimbia nyumbani bila kunywa uji. Baba alikuwa anachimba mfereji wa maji ya mvua kuzunguka turubai letu. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: Troya, moto, mzee, ngozi ya simba, Roma. "Ni wewe, Baba! Mwalimu amekusema wewe! Na mama yake mtoto alikuja baadaye!"

Baba aliacha kuchimba. Ndani ya turubai Sogokuru, ambaye alikuwa amelala akitutazama, alijigeuza polepole akaangalia upande mwingine.

"Mwalimu wako ana maneno mengi," Baba alisema, akaendelea na mfereji.

Sikukata tamaa. Kwa mtoto, neno la mwalimu ni zito kuliko kimya cha mzazi. Mama angekuja baadaye. Kilichobaki kilikuwa kujua kwa njia gani, na hilo nalo nililipata darasani, wiki nyingine, pale wenzangu walipomwomba Mwalimu hadithi yenye muziki. Alisitasita, akasema hadithi yenye muziki anayoijua si ya kufurahisha. Tukamlazimisha.

Akatusimulia juu ya mpiga inanga, zeze la kwetu, aliyekuwa hodari kwa Wagiriki, ambaye mkewe aliumwa na nyoka akafa. Mtu yule alishuka hadi nchi ya wafu, akapiga inanga yake hadi wenye nchi ile wakalia. Wakamruhusu aondoke na mkewe kwa sharti moja. Yeye atangulie, mke amfuate nyuma, na asigeuke kumtazama hadi watokee kwenye mwanga. Akatembea. Hakusikia hatua nyuma yake. Karibu kabisa na mlango moyo ukamshinda, akageuka, na mkewe akarudi gizani.

Wenzangu walisikitika. Mimi sikusikitika hata kidogo. Nilikuwa nimesikia tu kwamba kuna mtu aliyekwenda kumchukua mkewe, na kwamba sharti lenyewe lilikuwa lile lile ambalo Baba tayari analijua. Usitazame nyuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwenye mtama.

Haikupita muda, akafika mama mmoja wa upande wa kwetu, aliyejificha miezi mingi ndani ya Burundi. Alimwambia Baba kwamba kwenye misheni fulani ng'ambo ya mto aliona mwanamke mwenye kitoto cha kiume, anayetembea akichechemea, na kwamba watu wanasema ni wa kilima chetu. Baba alimuuliza maswali mengi. Mama yule alijibu machache. Asubuhi iliyofuata Baba alivaa shati lake zuri.

"Unakwenda wapi?" Sogokuru alimuuliza.

"Unajua ninakokwenda."

"Wakikukamata, mtoto huyu abaki na nani? Na mimi hivi nilivyo?"

"Baba, nikibaki hapa nitawafaa nini?"

Sogokuru alivua rozari yake shingoni akampa. Mimi nilimfuata Baba hadi mwisho wa njia ya kambi, pale ambapo msitu wa miombo unaanza. Nilimshika shati.

"Baba, ukimpata Mama, wewe utangulie, yeye akufuate nyuma. Usigeuke. Hata usipomsikia, usigeuke mpaka mvuke mto."

Akaweka kiganja chake kichwani mwangu, kizito, akakiacha hapo. "Sawa," alisema. Akaingia msituni.

Mvua zilikuja akiwa hajarudi. Jirani alitupikia dengu na ugali, nami nilimlisha Sogokuru, ambaye alikula vijiko viwili akasema ameshiba. Darasani nilikaa kama mtu aliyeshika siri. Nilipanga tutakavyolala, Mama upande gani na Dezire upande gani. Niliogopa kwamba Dezire atakuwa amenisahau, na nikajizoeza nyimbo za kumkumbusha.

Baba alirudi mchana, katikati ya jua. Nilimwona kutoka kwenye foleni ya maji, nikatupa ndoo. Alikuwa amekonda, shati halina kola, macho mekundu kwa homa. Nilikimbia nikampita. Ndiyo, nilimpita yeye mwenyewe, nikaenda kutazama njia nyuma yake. Ilikuwa njia tupu.

Nilirudi nikasimama mbele yake. Nilikuwa na hasira.

"Ulitazama nyuma?"

Baba alipauka. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, watu wakituangalia, akanishika mabega. "Nani amekuambia?" aliuliza. "Nani amekuambia hayo?"

"Ulitazama nyuma?"

"Sikutazama," alisema, na sauti yake ikakatika. "Mwana wanje, mwanangu, sikutazama nyuma. Sikutazama hata mara moja."

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona Baba akilia, na niliona aibu kwa sababu ya wale wanawake wenye ndoo.

Leo naelewa kilichotokea kati yetu siku ile. Mimi nilikuwa namuuliza juu ya njia ya kurudi. Yeye alisikia swali la asubuhi ile ya mtama, alidhani kuna mtu ameniambia kwamba alitembea mpaka mtoni bila kugeuka hata mara moja kuangalia kama mkewe yupo. Mimi nilimshtaki kwa kosa la mpiga inanga, naye akakiri kosa la kinyume chake. Lakini wakati ule nilielewa jambo moja tu: Baba ametimiza sharti na Mama hakuja. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa mwongo. Yule mwanamke wa misheni, kumbe, alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye mtoto wa kike.

Niliacha kwenda darasani. Mwalimu alikuja mara moja kuniulizia, nikajificha nyuma ya turubai hadi alipoondoka.

Aliyeumia zaidi ni Sogokuru, nami sikuliona hilo. Alikuwa amesikia yote, kwani turubai letu lilikuwa hatua chache kutoka hapo, nalo halizuii sauti. Tangu siku hiyo alikataa kubebwa. Kabla ya hapo alikuwa akipelekwa chooni mgongoni mwa Baba. Sasa alijikokota kwa fimbo na magoti, akitumia nusu ya asubuhi, na Baba alipoinama mbele yake alisema, "Inuka." Mvua zilipozidi akaanza kukohoa. Kifua kikawa kinapiga kama ngoma iliyopasuka. Hospitali ya kambi ilikuwa ng'ambo ya bonde.

"Panda, Baba," Baba alimwambia, amepiga magoti, mgongo umeelekezwa kwake. "Panda twende, nakuomba."

"Mgongo huo ulikuwa na mtu wake," Sogokuru alisema. "Nilikaa mahali pa mwenzangu. Sikai tena."

"Usiseme hivyo mbele ya mtoto."

"Mtoto ndiye aliyeuliza."

Baba alikwenda kutafuta machela na vijana wanne wa kuibeba. Waliporudi nayo, mzee alikuwa bado anapumua. Walipofika nayo katikati ya bonde, hakuwa anapumua tena. Walisimama, wakashauriana, wakageuza.

Tulimzika kwenye mteremko, udongo ukiwa umelowa na kunata kwenye koleo. Mwalimu Venansi alikuja na ile sweta yake, akaimba kwa Kilatini, peke yake kwa sababu hakuna mwingine aliyejua maneno. Baadaye alimsogelea Baba. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Kwa Warumi," alianza, "mtu aliyemfanyia mzazi wake kama ulivyofanya wewe..."

"Mwalimu," Baba alimkatiza, taratibu, bila hasira. "Niachie mimi maiti yangu. Wewe baki na Warumi wako."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Sikumwona tena kwa karibu. Kiangazi kilichofuata alijiandikisha na waliokuwa wanarudi Burundi, na nikasikia watoto wakisema alikuwa anakwenda kumtafuta mkewe. Hakuna aliyetuletea habari zake.

Miaka ikapita, kanisa likanisaidia, nikapata nafasi ya shule kwa masista Kasulu. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, nasema Kiswahili cha watu wa hapa na Kiha kisichotofautiana sana na lugha ya kwetu. Sista aliyetufundisha historia alikuwa mkali, alisoma huku akipiga meza kwa rula. Akafika kwa Warumi. Akafika kwa mtu wa Troya. Nilitaka kuziba masikio, kwa kuwa hadithi hiyo nilikuwa nimeizika. Alisimulia kama alivyosimulia Mwalimu, moto, mzee, mtoto. Halafu akaongeza kitu ambacho Mwalimu hakukisema.

"Mke wake alitembea nyuma yao. Mumewe hakugeuka kumtazama, mpaka walipofika mahali pa kukutania watu. Wote walikuwepo isipokuwa yeye."

Rula ilipiga meza, akaendelea na mengine. Mimi sikusikia kitu tena. Nilikuwa namwona mtu mrefu anavuta mikono ya sweta, anatafuta la kumwambia mtoto mwenye mapengo aliyenyoosha mkono. Alikuja baadaye. Miaka yote ile nilimwita mwongo bila kujua ni uongo upi aliodanganya, wala kwa ajili ya nani.

Likizo nilikwenda kwa Baba. Wakati huo alikuwa ameshaondoka kambini, analima shamba la watu kijijini Titye, anaishi chumba kimoja na mbuzi wawili. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikakaa, nikachukua hindi, tukapukuchua pamoja hadi nikapata ujasiri. Nikamsimulia ile sehemu iliyokatwa.

Hakuacha kazi. Punje zilianguka kwenye ungo. "Kwa hiyo naye hakugeuka," alisema mwishowe.

"Hakugeuka."

"Na watu wake walijua?"

"Walijua wote. Waliwafundisha watoto wao, hawakuificha. Na bado walimwita baba yao."

"Alirudi kumtafuta?"

"Alirudi mpaka ndani ya moto, anaita jina lake. Alikutana na kivuli chake tu. Mkewe akamwambia asilie, aende zake, amtunze mtoto."

Baba alitikisa kichwa. "Yeye alipata wa kumwambia," alisema.

Kuku walikuwa wanakaribia ungo, nikawafukuza. Nilidhani mazungumzo yameisha. Baba aliweka gunzi chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Kitenge kilikuwa kimelegea," alisema. "Dezire alikuwa anateleza mgongoni. Mama yako akasimama amfunge vizuri. Akaniambia, 'Tangulieni, nawafuata.' Ni hayo tu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama tunakwenda sokoni. Nilimsikia, mwanangu. Nilimsikia vizuri, nikamjibu, 'Sawa.'"

Nilitaka kumwambia jambo. Nilitafuta katika yote niliyofundishwa na Mwalimu, na Sista, na kanisa, sikuona kitu. Nilichukua hindi jingine. Naye akachukua lake, tukapukuchua mpaka gunia likaisha.